Fukusi Aliyekataa Kutulia

Kila asubuhi mjomba alikunywa chai yake kwenye meza ya picha, kamera upande huu, kikombe upande ule, na ile chai ilikuwa ikicheza. Mawimbi madogo, duara ndani ya duara, mpaka anamaliza. Sote tulisema ni mashine ya kusaga ya jirani yetu, Bwana Unga.

Mjomba alikuwa mpiga picha za vitambulisho. Miaka kumi na tisa, stuli moja, kitambaa kimoja cha bluu ukutani. Maneno yake kwa wateja yalikuwa mawili tu: "Tulia" na "Usicheke." Chumba aligawana na mama yangu, ambaye ni dada yake na ni fundi cherehani. Katikati kulikuwa na pazia, na ugomvi wao wote ulipita juu ya hilo pazia.

Vitambulisho vilikuwa vimemchosha. "Nyuso zote zinafanana, dada. Zinanitazama kama nimewaibia kuku."

Basi siku moja akaja bwana wa kituo cha mbegu kupigwa picha, akasema kituo kinatafuta mpiga picha wa wadudu. Mjomba nusura aanguke. Jaribio lilikuwa moja: fukusi, yule mdudu mdogo wa mahindi mwenye pua ndefu, akuzwe pichani mpaka vinyweleo vya miguu vihesabike. Picha ifike kituoni Ijumaa saa sita mchana. Ikiwa na ukungu, kazi anapewa mwingine.

Jumatatu mjomba aliigeuza lenzi nyuma mbele, akaifunga kwa utepe, kwa sababu ikigeuzwa hivyo inakuza sana. Akapiga. Kilichotoka kilifanana na kokwa la embe ndani ya moshi.

"Anatembea huyu," mjomba akasema. Akamweka kwenye friji ya dukani apoe. Alitoka amepoa, ila ana umande mgongoni. Jumanne akafa, sijui kwa baridi au kwa kuchoka kutazamwa. Mjomba alifurahi, sitaficha. Akamgandisha kiubavu kwenye kifuniko cha chupa kwa tone la gundi, akapiga tena. Ukungu vilevile.

Mama akafunua pazia. "Maiti naye anatembea?"

"Lenzi ina vumbi, dada."

Akaifuta mpaka nikaionea huruma. Ukungu. Akasogeza kamera unene wa ukucha: pua ikatokea, mgongo ukapotea. Akabana tundu la lenzi ili vyote vionekane. Sasa mwanga ukawa haba, kamera ikahitaji sekunde nzima kuuvuta. Flashi hakuitaka, mgongo wa fukusi uling'aa kama kipara. "Ndani ya hiyo sekunde," alituambia, "hata nzi akitua kwa nguvu mezani, picha imekwisha."

Kwa hiyo akaanza kuwinda kinachotikisa.

Jumatano ilikuwa zamu ya cherehani. "Dada, acha kushona kidogo."

"Hizi sare zitajishona?"

"Dakika tano. Na upumue polepole."

"Au niache kupumua kabisa, nikusaidie vizuri?"

Aliacha kushona. Ukungu.

Alhamisi mjomba akaenda kwa Bwana Unga, akarudi mweupe mpaka kwenye kope. Walikuwa wamekubaliana: kesho saa nne mashine itazimwa, ila Bwana Unga apigwe picha akicheka. Mjomba hajawahi kumpa mtu ruhusa hiyo.

Ijumaa saa nne mashine ikazimwa. Mtaa ukawa kimya hata masikio yakauma. Bwana Unga akaja kusimama mlangoni. Mama aliweka mikono mapajani. Mjomba akategesha kamera ijipige yenyewe baada ya sekunde kumi, akakaa kwenye stuli, akakunja mikono kifuani.

Kamera ikalia. Ukungu.

Mama alikuwa anatazama kikombe.

"Wewe. Mashine si imezimwa?"

"Imezimwa."

"Sasa chai yako inacheza nini?"

Akainama, akafunua kitambaa cha meza. Goti la mjomba limeegemea mguu wa meza, na mguu wake mwenyewe unatetemeka kama sindano ya cherehani.

"Marehemu mama alikuchapa kwa ajili ya mguu huu! Mimi nilidhani uliuacha utotoni!"

"Si mimi," mjomba akasema, na mguu unaendelea.

Bwana Unga alicheka mpaka unga ukamdondoka nyusini. "Miaka yote hii unanisingizia mimi! Na watu unawaambia tulia!"

Mjomba akautuliza wa kushoto, ukaanza wa kulia. Akaishika yote miwili kwa mikono, yakaanza mabega. Akapiga nyingine tatu, nne. Ukungu. Saa tano ikapita.

"Toka nje," mama akasema.

"Nitokeje, na picha ni yangu?"

"Tegesha, utoke. Nenda kasimame barabarani."

Akategesha, akatoka kwa ncha za vidole. Tukahesabu. Kamera ikalia. Kwenye kioo chake akaonekana fukusi mzima: pua, vishimo vya mgongoni, vinyweleo vya miguu. Bwana Unga alivihesabu mpaka kumi na moja, akapoteza hesabu.

"Imetoka?" mjomba akaita kutoka nje.

"Imetoka! Usirudi humu ukaharibu!"

Mama akachomoa kadi ya kamera, akampa kupitia dirishani. Mjomba akadandia baiskeli ya Bwana Unga.

"Na picha yangu ya kucheka?"

Mjomba alishafika kwenye kona. Hakurudi. Kituoni walimwajiri siku ileile, wakampa na chumba cha kulala hukohuko. Jumatano iliyofuata mlinzi wao alirudisha baiskeli, akachukua kamera na nguo za mjomba.

Lakini hiyo Ijumaa bado tulikuwa tunatazama ile kona. Bwana Unga akaenda kuwasha mashine, mama akarudi kwenye sare. Nikakitazama kikombe cha mjomba. Mashine inanguruma, cherehani inakimbia, na chai iliyobaki imetulia kama kioo.