Paneli Kubwa ya Mama Pindo

Mtaani wanamwita Mama Pindo kwa sababu hana subira na pindo bovu. Ukimpitia umevaa suruali iliyoshonwa na fundi mwingine, atakunja kwanza ncha ya mguu wa suruali aone pindo, ndipo akusalimie. Ameshona tangu binti yake yuko mgongoni, na binti huyo sasa ana watoto watatu. Chumba chake cha kazi ni kile cha mbele: meza ya kukatia, pasi ya mkaa, ukuta uliojaa sare za shule, na cherehani ya kukanyaga iliyokaa karibu na mlango ipate mwanga. Nguzo za umeme zimeishia upande wa pili wa barabara, na kila mwaka watu huahidiwa kwamba zitavuka.

Mwaka jana goti lake la kulia likaanza kuvimba. Alilipaka dawa, akalifunga kitambaa, akalitukana, halikusikia. Daktari akaliminyaminya, akamwambia waziwazi: aache kukanyaga, la sivyo itafika siku hatatembea bila mtu wa kumshika. Binti akaona mambo yamejipanga yenyewe.

"Mama, funga kazi. Njoo ukae kwetu, ucheze na wajukuu."

"Wajukuu nawapenda Jumapili," akajibu Mama Pindo. "Jumatatu nina kazi."

Hakuwa akitania. Aliogopa, na hofu yake ilikuwa moja tu: kuamka asubuhi bila kitu cha kushona, akikaa kusubiri kuitwa kula. Dada yake aliishi hivyo miaka yake ya mwisho, akizidi kunyamaza siku hadi siku. Kwa hiyo akakata shauri. Cherehani itapata mota, mota itapata paneli ya jua, naye atabaki kitini pake.

Mkwe wake, dereva wa lori, mtu mpole mwenye mwili wa kabati, alijitolea kumtafutia. Alirudi na habari ya seti: paneli, betri, taa nne na televisheni, vyote kwenye boksi moja. Nyumba nzima ikaipenda seti hiyo kabla ya kuiona. Wajukuu waliacha hata kugombana.

Sasa, Mama Pindo na mkwe huyo wanaheshimiana mno, hawathubutu kubishana ana kwa ana. Wakitofautiana, kila mmoja humweleza binti, hata kama wote watatu wamekaa mkeka mmoja.

"Muulize mumeo, hiyo paneli itaweza kuzungusha mota?"

"Mwambie mama, inawasha hadi televisheni."

"Mwambie televisheni haishoni jinzi."

Binti akasema amechoka kugeuzwa simu.

Akiba ya Mama Pindo ilitosha ununuzi mmoja, si miwili, na yeye si mtu wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Akasema atakwenda dukani mwenyewe. Kisha hakwenda. Jua likawaka siku baada ya siku, watu wakadhani amekata tamaa. Halafu asubuhi moja mawingu yakatanda, manyunyu yakaanza, naye akavaa viatu na kumtuma binti amwambie mumewe abebe kichwa cha cherehani.

"Leo?" mkwe akashangaa. "Mwambie mama jua halipo."

"Ndiyo maana naenda leo. Kwenye jua kali kila paneli ni hodari. Sare zangu nyingi nazishona msimu wa mvua, shule zikikaribia kufunguliwa."

Wakaingia dukani hivyo hivyo: mama mbele akichechemea, mkwe nyuma na cherehani begani, binti katikati kama mkalimani. Mwenye duka, mwanamke wa makamo mwenye miwani minene, alidhani wamekosea mlango. Aliposikia haja yao, akaitoa paneli ya seti nje, chini ya wingu, akaigusisha kipimo. Namba zikapanda vizuri.

"Unaona, mama? Hata bila jua inatoa."

"Naona. Lakini hiyo namba haijavaliwa na mtu. Ifungie mota tushone."

Mwenye duka akacheka, ila mota akaifunga. Mama Pindo akatoa mkobani kipande cha jinzi, akakikunja mara nne, kwa sababu suruali humshinda fundi pale pindo linapokutana na mshono wa pembeni. Penye kitambaa cha tabaka moja sindano ilikwenda. Ilipofika kwenye mkunjo, mota ikaguna, ikasimama. Mkwe akakohoa.

Ikaletwa paneli kubwa, pana kama mlango. Sindano ilikwenda polepole, ikafika kwenye mkunjo, ikasita, ikapita. Mama Pindo akarudia. Ikapita tena.

"Mama," mkwe akasema, akimtazama mwenyewe bila kupitia kwa mtu, "chukua hii."

Mwenye duka akashauri iongezwe betri ndogo, mota isiyumbe wingu linapopita, na Mama Pindo akakubali bila ubishi. Kila mtu na fani yake. Televisheni ikabaki dukani. Wajukuu walinuna wiki nzima. Fundi wa kufunga naye alitaka paneli ikae upande wa barabarani, watu waione, akaelekezwa nyuma, juu ya bafu, ambako jua hukaa tangu asubuhi.

"Sikuinunua ili isalimiwe," Mama Pindo akamwambia.

Siku ya kwanza alishona kwa mguu wa kushoto, akigusa tu pedali ndogo ya mota, na machozi yakimtoka kwa furaha. Jioni goti la kulia lilikuwa limevimba kuliko jana yake. Hakuna aliyeelewa.

Kesho yake binti alikuja kumsaidia kukata nyuzi. Alikuwa sakafuni anaokota pini alipouona mguu wa kulia wa mama yake. Kikanyagio cha zamani kilikwisha kuondolewa, lakini mguu ulikuwa ukipanda na kushuka, ukikanyaga hewa, sawasawa na mwendo wa sindano.

"Mama, mguu wako."

Mama Pindo akainama, akautazama, ukatulia. Akaanza kushona, nao ukaanza tena. Akajaribu mara nyingine, akiukodolea macho, na mara macho yaliporudi kwenye kitambaa, mguu ukarudi kazini kwake. Akaondoa mikono mezani. Uso wake ukaingiwa na hofu ambayo binti hakuwahi kuiona pale.

Binti angeweza kusema neno lake la siku zote: funga kazi. Badala yake alivuta kigoda, akaunyoosha mguu wa mama yake juu ya kigoda hicho, akachukua kitambaa cha sare na kuufunga hapo, raundi baada ya raundi, akilikwepa goti.

"Kinabana?"

"Hakibani."

"Basi shona, mama."

Mama Pindo akagusa pedali. Mguu ukavutavuta kile kitambaa kwa muda, kisha ukatulia.