Kiti Kina Mwenyewe

Miaka miwili nilikaimu. Kukaimu ni kukaa kwa tako moja: kazi ya meneja unaifanya yote, lawama za meneja unazibeba zote, ila kwenye kila barua wewe bado ni Kaimu. Kilikuwa kituo cha kununulia mahindi, Sumbawanga mjini. Biashara huria ilikuwa imefunguliwa, na malori ya watu binafsi yaliwafikia wakulima wa Laela kabla yetu, jogoo hajawika. Mimi ndiye niliyeamua tuache kuwasubiri kituoni, tuwafuate huko huko mashambani. Mahindi yakaingia. Barua ya kunithibitisha haikuja.

Badala yake waliletwa wanaume wa kukalia kiti hicho. Wa kwanza alilala gesti siku moja, asubuhi akapanda basi la Mbeya, hata kuaga hakuaga. Wa pili alifika, akazunguka ghala, akarudi kwao eti anaumwa. Kila mara naambiwa, mama, endelea kukaimu kwanza. Sikuzaliwa jana. Nilijua kuna mtu wao wanamtunzia nafasi.

Na nilijua nani anawasaidia. Mtunza ghala. Alinizidi umri kwa miaka kama ishirini, kwa hiyo kila asubuhi mimi bosi ndiye niliyemwamkia shikamoo, kisha ndipo nimpe kazi. Mwanaume wa umri ule kutumwa na mwanamke, nikajisemea, hawezi kusamehe. Kila mgeni alipofika, yeye ndiye wa kwanza kumpokea. Atamvuta nyuma ya magunia, watanong'ona. Nikipita, kimya. "Karibu, mama," ananiambia, meno yote nje. Karibu! Kituoni kwangu mwenyewe! Kikulacho ki nguoni mwako.

Kisha akaja mkaguzi kutoka makao makuu. Huyo ndiye angependekeza nithibitishwe au nisithibitishwe. Nikapita nyuma ya ghala, nikamsikia mzee kwa masikio yangu akimwambia: "Bwana mkubwa, kile kiti kina mwenyewe."

Kumbe kweli! Nilirudi ofisini, nikamwandalia mkaguzi chai na viazi vya kuchemsha. Akasema amefunga. Amefunga nini, na Pasaka ilishapita? Dakika chache baadaye nikamwona dirishani, kajifungia ndani ya gari anamenya mayai aliyotoka nayo kwao. Nilipompa daftari la mapokezi, alilishika kwa leso. Nikasema anaona aibu kunitazama, kiti keshampa mtu.

Haukupita mwezi, barua ikaja. Kwa sababu za kiutumishi, nihamie Mtowisa, bondeni kwenye joto, nikawe msaidizi kwenye mpunga. Meneja mpya, mwanaume, anaripoti Jumatatu.

Niliingia ghalani na barua mkononi. Siku hiyo shikamoo sikuitoa.

"Mwenye kiti ameshapatikana, mzee. Umefurahi?"

Aliisoma taratibu. "Mwenye kiti si wewe, mama?"

"Mimi?"

"Sasa nani mwingine? Wote wale nimewaambia kina mwenyewe, wakaondoka. Nilikuwa nakulinda."

Hapo ndipo nilipoelewa, nikatamani ardhi ipasuke. Ukiambiwa shamba lina mwenyewe, huulizi jina lake. Unajua limewekewa dawa, unapita mbali. Na wageni wanaopangiwa Sumbawanga hufika wameshatishwa huko walikotoka, ulozi ulozi, mpaka mtu anaogopa uji wa ulezi. Mzee alijua hofu yao, akaitumia kunisaidia. Miezi yote ile nilimwona adui, kumbe ndiye mtu pekee aliyetaka nibaki. Na kwa kunitakia mema amenifanya mchawi mpaka makao makuu.

"Umenimaliza, mzee wangu," nilisema. Nililia kwa hasira, mbele ya wapagazi, na sikujali. "Kwa nini hukuwaambia tu kwamba kazi naijua?"

Alikunja barua, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Yule wa kwanza nilimwambia hivyo, mama. Nikamwambia, huyu mama kazi anaijua kuliko sisi sote. Alicheka mpaka akakohoa. Niliposema kiti kina mwenyewe, ndipo alipoacha kucheka."