Mafuta ya samaki yaliyomng'arisha paka

Kumepambazuka. Katika jiko la kantini ya kiwanda cha magodoro, mvuke umeshafunika dirisha lote. Mama Sufuria, kama wafanyakazi wanavyomwita, anafunua samaki wake, anatazama mafuta yanayoelea juu ya mchuzi, kisha anafunika bila kuyagusa.

"Zamani haya nisingeyavumilia," anasema huku akicheka.

Sifa yake ilikuwa samaki mkavu, asiyeacha mafuta kidoleni. Alifundishwa na shangazi yake, mpishi wa sherehe, aliyeamini kuwa samaki mwenye mafuta amepikwa na mvivu. Unamchemsha, unaengua mafuta, unamwaga maji, unarudia. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Mwaka jana mumewe, fundi viatu, alipimwa akakutwa na mafuta mengi kwenye damu. Nyumba nzima iliingiwa na hofu, maana baba yake fundi alikufa kwa ugonjwa wa moyo hata mvi hajaota. Daktari alimpa dawa, akamshauri apunguze vya kukaanga na ale samaki wenye mafuta.

"Nikamwambia, mume wangu, kwa samaki umefika! Akala mpaka akawa anakiogopa chakula changu."

Walirudi kupima. Damu ilikuwa vilevile. Siku hiyo Mama Sufuria alilia bafuni, bomba likiwa wazi ili mumewe asisikie.

Walipopelekwa kwa mtaalamu wa lishe, dada mmoja mcheshi, aliwauliza, "Samaki mnampikaje, mama?" Akaeleza kwa fahari yote, mpaka kwenye mafuta aliyokuwa akiyaengua na kumpa paka.

"Yule dada akanitazama, akasema, 'Mama, hapo anayetibiwa ni paka.'"

Kumbe ndani ya mafuta yale ndimo ilimo omega-3, aina ya mafuta ambayo mwili hauwezi kujitengenezea ya kutosha, na ambayo huusaidia moyo. Dada yule hakuwaahidi muujiza. Dawa ziendelee, alisema, na fundi atembee kila siku, ila mchuzi usimwagwe tena.

"Mimi nilishtuka mapema," anadakia fundi, aliyepita kunywa chai kabla ya kufungua karakana yake. "Paka aling'aa kuliko viatu ninavyovipiga rangi mwenyewe."

Mama Sufuria akabadili mkono, na kubadili mkono ukubwani si mchezo. Sasa anapika kwa moto mdogo, anaweka ndimu na nyanya, na mchuzi unakwenda mezani pamoja na samaki. Kiwandani walinung'unika wiki ya kwanza. Siku hizi wapo wanaoleta bakuli la pili, na anayelalamika waziwazi ni paka peke yake.

Vipimo vya fundi vya mwezi uliopita vilionyesha mafuta ya damu yameshuka. Daktari hakumpunguzia dawa, lakini alimpa mkono.

Sasa Mama Sufuria anataka kufungua kibanda cha chakula ubavuni mwa karakana ya mumewe, awe anaona anachokula. Ukimuuliza anatafuta nini hasa, hataji biashara.

"Nataka nimwone huyu akizeeka. Basi."

Fundi anavua kofia, anainamisha kichwa karibu na taa ya jikoni na kuonyesha juu ya sikio. Kuna unywele mmoja mweupe.

"Nilitaka kuung'oa," anasema.

"Thubutu!" anasema mkewe, na kumsogezea bakuli.