Habari za Mishiri Zilizojileta Zenyewe

Kanisani Kianjokoma Jumapili ile tulikuwa hivi: mimi, binti yangu wa kwanza aliyekuwa karani wa ofisi moja Embu mjini, shemeji yangu, yaani mdogo wa marehemu mume wangu, aliyekuwa mzee wa kanisa na tena dalali wa mishiri, mchungaji, na wanawake wa kikundi chetu cha kulima, wengi wameolewa ukoo mmoja na mimi. Majina yote ninayo, hata la yule aliyekaa karibu na mlango akinyonyesha. Siyaandiki, maana wengine bado wanawauzia watoto wa shemeji.

Mishiri ni yale maharagwe membamba ya kijani yanayopelekwa Ulaya kwa ndege. Hayangoji mtu. Yakichelewa shambani yanakomaa, basi ni ya ng'ombe. Na habari za soko zilitufikia kwa mdomo mmoja tu, wa shemeji. Msimu uliotangulia alituambia Ulaya wamefunga soko, tukawamwagia ng'ombe. Jioni nikaona pikapu aliyoikodi ikitoka kwake, imejaa mishiri ya shamba lake. Oda ilikuwepo, akaijaza peke yake. Nilisimama pale uani mpaka vumbi likatulia. Nikasema, haya.

Miaka ya tisini ilikuwa inaisha. Kompyuta ya ofisini kwa binti yangu ilipiga simu kwanza, ikilia kama nguruwe, ndipo ikashika mtandao. Nilimwambia anitafutie ukurasa wa wanunuzi wa mboga wa huko. Akaupata, lakini kuufungua kila mara na kutafuta kipya kilichoongezwa kulimmalizia muda wa simu. Siku moja akaja anacheka.

"Mama, kuna kitu kipya. Wenye ukurasa wameweka faili ndogo pembeni. Wakiandika jambo jipya, humo wanaongeza kichwa chake, maneno machache, na mahali pa kulisoma lote. Nimeiambia kompyuta iwe inaenda kuichungulia. Ikikuta kipya inaniletea. Isipokuta, inanyamaza."

"Kwa hivyo hao watu hawanijui?"

"Hawakujui. Kompyuta yetu ndiyo inawafuata."

"Vizuri. Na shemeji asijue."

Jumamosi akaniletea neno: oda zimeongezwa, mishiri inatakiwa. Kwetu ukiwa na jambo na shemeji, mnalizungumza kwanza nyumbani, juu ya kikombe cha uji. Uji wangu niliunywa peke yangu. Kisha nikaenda kumkodi dereva yule yule wa pikapu kabla shemeji hajamfikia.

Kesho yake kanisani, wakati wa matangazo, shemeji akasimama. "Kina mama, poleni. Ulaya wamefunga tena. Msichume."

Nikamwacha amalize, akae, ajipanguse uso. Ndipo nikainua mkono. "Mchungaji, nina tangazo. Ulaya wameongeza oda. Pikapu itakuwa kwangu kesho alfajiri. Mwenye mishiri achume leo, Mungu atatusamehe."

Watu wakacheka. Mchungaji akatazama Biblia yake.

"Shemeji, siku hizi unaota ukiwa macho?" shemeji akaniambia. "Ni nani amekuambia?"

"Wenyewe."

"Walikupigia simu?"

"Hawana haja. Wakiandika jambo, linanifikia. Hata la msimu ule bado liko kwenye ukurasa wao. Hawakufunga, shemeji."

Yule wa mlangoni akauliza, polepole, "Mzee, na mishiri yangu iliyoliwa na ng'ombe?"

Ibada ikaisha. Tulichuma mpaka giza likatutoa shambani.

Alfajiri tulipakia. Mishiri ya kila mwanamke wa kikundi ikaingia, hakuna iliyobaki. Dereva alipokuwa anafunga turubai, shemeji akatokea na makreti yake kwenye mkokoteni, anahema.

"Shemeji, tafadhali. Sisi ni nyumba moja."

"Imejaa," nikamwambia.

Haikuwa imejaa. Dereva aliona, mimi niliona, na yeye aliona. Tukaondoka.

Kama nimekosea mahali, aliyekuwepo anisahihishe. Huenda makreti aliyorudi nayo kwa ng'ombe yalikuwa mengi kuliko ninavyokumbuka, na hilo ningefurahi sana kulisikia.