Vyombo vya Bi Usiguse

Kwa miaka ishirini na miwili alisema neno moja, usiguse, mpaka neno likamfuta jina. Watoto wa shule walipojipanga kwenye ukumbi wa makumbusho, alisimama mbele yao, kitambaa cha kichwa kimekaa sawasawa, akainua kidole: "Tunaangalia kwa macho. Mikono ibaki nyumbani." Kuanzia mlinzi wa mlangoni hadi mkurugenzi, wote walimwita Bi Usiguse, wala hakuchukia. Marehemu baba yake alikuwa mfinyanzi aliyejulikana mji mzima, na binti wa mtu kama huyo anajua chombo ni nini.

Mjukuu wake wa pekee, msichana wa miaka tisa, alizaliwa haoni. Nyumbani kwao jambo hilo halikutajwa mbele ya wageni. Walisema tu, "Macho yake dhaifu kidogo," wakabadili mazungumzo. Alisoma kwenye darasa la watoto wasioona, na mwaka uliopita darasa hilo lilikuja makumbusho, watoto kumi na mwalimu wao. Bi Usiguse aliwasomea kila kibao, neno kwa neno, kwa ile sauti yake ya kupendeza. Watoto waliweka viganja kwenye makabati ya vioo na kusikiliza. Walipofika mlango wa kutokea, mjukuu alimvuta upindo.

"Bibi, mbona vitu vyote humu ndani vinafanana?"

"Vinafananaje, mke mwenzangu?"

"Vyote bapa. Vyote baridi."

Yule mlinzi alicheka. Bi Usiguse hakucheka. Alirudi nyumbani, hakula.

Wiki iliyofuata alimwomba mkurugenzi meza moja kwenye chumba cha pembeni, meza ya kugusa. Mkurugenzi, kijana aliyependa kusema "sawa" kabla hujamaliza, akasema sawa. Basi mama mtu mzima akarudia udongo, ambao hakuwa ameushika tangu walipomzika baba yake. Alipima vitu kupitia kioo kwa uzi na kidole gumba, huku mlinzi akimtania: "Bi Usiguse, unamshonea mamba suruali?" Kwa miezi sita alifinyanga vitu vitatu: fuvu la mamba lenye meno yote, mtungi wa midomo miwili, na sanamu ya mwanamke aliyembeba mtoto mgongoni. Vilivyopasuka tanurini alivizika nyuma ya nyumba usiku uleule, asije mtu akaona kazi mbovu iliyotoka kwenye mikono ya ukoo ule. Vile vitatu vilivyobaki havikuwa na doa. Dada yake mkubwa alipoviona alifuta machozi akasema, "Baba hajafa."

Pengine hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Pale makumbusho palikuwa na mzee mtunza stoo waliyemwita Mzee Daftari, maana hata kikombe chake cha chai alikiandikia namba. Bi Usiguse alipompelekea vyombo, mzee alivaa miwani akauliza:

"Niviandike wapi, dada yangu? Vifaa vya kufundishia, au daftari kuu?"

"Vifaa vya kufundishia si ndiko mlikoandika chaki na madasta?"

"Ndiko."

"Kazi ya baba yangu haikai na madasta. Andika daftari kuu. Na jina la ukoo wetu liwepo, kamili."

Mzee alishika kalamu bila kuandika. "Sheria ya daftari kuu unaijua wewe kuliko mimi. Kikishaingia humu hakiguswi."

"Meza ni yangu, vyombo ni vyangu, na wageni ni wangu. Nani atakuja kunizuia?"

Mzee akaandika.

Jumanne na Jumatano ya wiki ya ziara ya pili ya darasa lile, Bi Usiguse alikuwa shuleni kwa watoto. Aliwaeleza meno ya mamba yanavyochoma, akawafundisha kushika chombo kwa mikono miwili, taratibu, kuanzia chini kwenda juu. Mwalimu wao alisema hajawahi kuona darasa lililotulia hivyo. Mjukuu aliuliza mara tatu, "Kweli bibi? Kweli tutashika?" Naye mara tatu alijibu, "Bibi yako amewahi kukudanganya?"

Alhamisi asubuhi alifungua chumba cha pembeni. Meza ilikuwepo. Vyombo vilikuwepo. Juu yake palikuwa na sanduku la kioo lililovifunika, limegandishwa kwa gundi kila upande, na kibao cha shaba chenye jina la ukoo wao. Chini ya jina, kwa herufi nyekundu: USIGUSE.

Alimkuta mkurugenzi akinywa chai.

"Nilijua utafurahi!" alisema. "Jumatatu walikuja wakaguzi. Wamevipenda sana! Wakauliza, vitu vya daftari kuu vinakaaje wazi? Fundi amefanya kazi siku mbili."

"Watoto wanafika saa nne, mwanangu. Vile vilikuwa vya kushikwa."

"Lakini mama, umeviandikisha wewe mwenyewe. Nikivitoa, nivifute daftarini? Jina la mzee wako nalifutaje?"

Angeweza kusema, "Lifute." Lilikuwa neno dogo. Alimwaza dada yake, alivyokwisha kuwaambia majirani, wakwe na watu misibani kwamba jina la baba limo makumbusho. Akasema, "Ahsante," akatoka.

Ukutani karibu na ile meza palikuwa na mtungi wa zimamoto, mwekundu, mzito. Alisimama mbele yake kwa muda, akitazama sanduku. Katika ukoo wao hakuna aliyewahi kuvunja kitu cha watu. Alirekebisha kitambaa chake cha kichwa, akaenda mlangoni kuwapokea.

Watoto waliingia wameshikana mabega, kimya kama walivyofundishwa. Walinyoosha mikono miwili, wakaanzia chini kwenda juu. Hakuna aliyelalamika. Mwalimu wao alimtazama Bi Usiguse, kisha akatazama chini.

"Huyu ndiye mamba?" mjukuu aliuliza.

"Ndiye."

Mtoto alizungusha viganja pande zote nne za sanduku, akatafuta pembe, akarudi katikati. Alijaribu tena kwa ncha za vidole, kama mtu anayetafuta kitasa.

"Bibi," alisema kwa sauti ya chini, asije akamwaibisha mbele ya wenzake, "ni kitu kile kile cha mwaka jana."

Bi Usiguse aliwasomea kibao, pamoja na jina la baba yake. Halafu basi la shule likaja.

Saa nane walitarajiwa wageni wengine, na mkurugenzi alipita akasema kioo kimechafuka. Bi Usiguse alichukua kitambaa na maji ya sabuni. Kioo kizima kilikuwa kimejaa vidole, pande zote, alama juu ya alama. Alizifuta zile za juu, za watoto warefu, kisha za katikati. Upande wa meno ya mamba zilibaki alama za viganja viwili vidogo, vimebanwa sana. Mlinzi alipaza sauti kutoka mlangoni kwamba gari la wageni limefika. Akazifuta na hizo.