Marehemu Walio Mbele ya Dosinda

Tarehe 19 Machi 1974, siku ya Mtakatifu Yosefu, Dosinda Covelo Rial aliandikishwa kuwa mwanachama namba 21,640 wa klabu ya mpira ya Sarrigal. Alikuwa na miaka kumi na saba, mikono inanuka mafuta ya dagaa wa makopo, na karani alimuuliza kama kadi hiyo ilikuwa ya kaka yake.

"Kaka yangu ana miguu," alijibu. "Akitaka kadi atakuja."

Leo namba yake ni 3,006. Hakuna ujanja aliofanya, ameishi tu. Kila baada ya miaka mitano klabu hupanga namba upya: waliokufa na waliojitoa hufutwa, waliobaki husogea mbele. Kwenye baa za bandarini namba ndogo huheshimiwa kuliko mvi. Orodha mpya ikitoka, Dosinda hukaa nayo mezani na kalamu nyekundu, akitia alama kwenye kila jina la mtu ambaye yeye mwenyewe alihudhuria maziko yake. Mara ya mwisho alitia alama ishirini na tatu. Aliwaonyesha wauza samaki, akamwonyesha padri, akamwonyesha hata daktari wa meno akiwa bado na pamba mdomoni.

"Hawa wote wamekufa," alisema, "lakini ada wanalipa."

Hakuna aliyemjali. Na yeye naye kuna jina moja ambalo kalamu yake ililiruka. Namba 2,871 ilikuwa ya Avelino, mumewe, aliyefariki miaka tisa iliyopita, na ada yake Dosinda huilipa kila Agosti bila kuchelewa hata siku moja.

Mwezi Mei mwaka huu Sarrigal ilifika fainali ya Ulaya, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu klabu iundwe. Mchezo ungepigwa Vienna. Klabu ikatangaza utaratibu wa tiketi: wanachama elfu tatu wa mwanzo wangenunua moja kwa moja, kila mmoja tiketi yake na ya mwanachama mwingine mmoja atakayemtaja. Waliobaki wangepigiwa kura ya bahati. Dosinda haamini kura. Kura, kwake, ni mkono wa mtu ndani ya kapu, na mkono wowote una ndugu na marafiki.

Alipiga hesabu akiwa amesimama jikoni, wala haikuwa ngumu. Kwa namba yake mwenyewe alikuwa amekosa kwa watu sita. Kwa namba ya Avelino, Vienna ilikuwa mkononi. Avelino mwenyewe alisema akiwa kitandani hospitali, huku anacheka kwa sababu hakuna aliyedhani siku hiyo ingefika: "Tukiingia fainali, mke wangu, usiniache nyumbani." Ndiyo maana ada ililipwa. Angalau hivyo ndivyo Dosinda alivyojieleza kila Agosti.

Jumatatu simu ikalia.

"Bi Dosinda Covelo? Napiga kutoka ofisi ya klabu. Ni kuhusu kadi ya Bwana Avelino."

"Namba ya benki sitoi."

"Sijakuomba namba ya benki, mama."

"Bado. Unakuja huko huko."

Akakata. Baada ya saa moja sauti ile ile ikarudi, ya msichana, yenye adabu iliyopitiliza. Adabu ya namna hiyo, Dosinda aliijua, ni ya watu wanaotaka kitu.

"Mama, tunahitaji tu Bwana Avelino afike mwenyewe ofisini kabla ya..."

"Na mama yako anajua kazi unayoifanya?"

Akakata tena. Simu ya tatu aliiacha ilie mpaka ikachoka. Lakini usiku huo hakulala vizuri. Tapeli angetaka fedha. Huyu alimtaka Avelino. Dosinda alijigeuza huku na huku akijiuliza ni nani aliyepeleka maneno, akawapitia majirani mmoja mmoja kama mtu anayepekua mifuko.

Jumatano alipanda mpaka uwanjani kujionea. Tangazo lilikuwa limebandikwa kwenye kioo cha ofisi. Lilisema kwamba kila mwanachama aliyevuka miaka sitini na mitano na aliye ndani ya elfu tatu wa mwanzo afike yeye mwenyewe, na kitambulisho, kuthibitisha kuwa yu hai. Mwisho Ijumaa saa nane mchana. Asiyefika atafutwa. Mwenye kadi ya marehemu akiirudisha kwa hiari yake, hatachukuliwa hatua. Atakayebainika kudanganya atafutwa pamoja na aliyemsaidia, na fainali ataitazama kwenye televisheni. Orodha mpya itatoka Ijumaa hiyo hiyo, saa kumi na moja jioni.

Dosinda alisoma mara mbili. Mlango wa ofisi ulikuwa wazi, basi akaingia, akaomba nakala, akaukwangua mhuri kwa kucha kuona kama umegongwa au umechapishwa. Ulikuwa umegongwa. Hilo nalo halikumtuliza. Neno "hiari" ndilo lililomsumbua. Kwenye kiwanda cha dagaa alikofanya kazi miaka thelathini na minane, kila aliyeambiwa ajitaje kwa hiari yake ndiye aliyekatwa mshahara.

Jioni Fuco akabisha hodi. Fuco ni mdogo wake Avelino, wamepishana miaka miwili, pua moja, upara mmoja, hata kikohozi kimoja. Aliwahi kuwa mwanachama, lakini mwaka timu iliposhuka daraja aliitupa kadi yake baharini mbele ya mashahidi, na tangu hapo hudai ni upepo. Alikaa, akajikatia kipande cha mkate uliojazwa samaki jodari kabla ya kukaribishwa.

"Shemeji, nimesikia wanawaita marehemu."

"Umesikia kwa nani?"

"Mji mzima unajua. Sasa nisikilize. Kitambulisho cha kaka unacho?"

Alikuwa nacho. Mtu akitimiza sabini hupewa kitambulisho kisichoisha muda, na Avelino alikuwa amekichukua miezi mitatu kabla ya kufa.

"Nivue miwani," Fuco alisema, "nivae koti lake la kijivu, nitie sahihi. Tunapata tiketi mbili. Mimi Avelino, wewe mke wangu. Tunakwenda Vienna."

"Mke wa nani?"

"Kwa siku mbili tu, shemeji. Usinitazame hivyo."

"Na wewe unapata nini?"

"Napata fainali! Wewe ulidhani napata nini?"

Dosinda alimtazama akitafuna. Huyu alikuwa mtu ambaye kwenye maziko ya kaka yake aliuliza nani atarithi fimbo za kuvulia samaki. Halafu alikuwa na mkwe, mume wa binti yake, mwanachama namba kumi na sita elfu na kitu, kijana aliyepaka kuta za nyumba yake rangi za klabu. Fuco hakumtaja mkwe huyo hata mara moja jioni nzima. Mtu akikwepa kutaja jina, aliwaza Dosinda, jina hilo analo kinywani.

Hata hivyo alilitoa koti kabatini. Lilimkaa Fuco sawasawa mabegani, na Dosinda ikambidi aangalie pembeni kidogo.

Ijumaa saa nne asubuhi foleni ilikuwa imeteremka ngazi mpaka kituo cha basi. Haikuwa foleni ya kawaida ya Sarrigal. Hakuna aliyepaza sauti, hakuna aliyeimba. Wazee walikuwa wengi, na wengi wao walikuwa wamevuta kofia mpaka kwenye nyusi. Dosinda alipitisha macho. Mmoja. Wawili. Yule mwenye tai, babake alizikwa siku ya mafuriko. Mpaka anafika ngazi ya pili alikuwa amehesabu watano ambao aliwahi kuwatupia udongo kaburini. Watano hao pamoja na Avelino ni sita, na sita ndio aliowahitaji.

Nyuma yake alisimama Benigna Outeiral, waliyefanya naye kazi meza moja kiwandani, akisukuma kiti cha magurudumu. Kitini alikuwepo mzee aliyefunikwa blanketi mpaka kidevuni.

"Mzee Plácido," Dosinda alisema, "umenenepa."

"Hewa ya bahari," mzee alijibu bila kuinua kichwa.

Dosinda ndiye aliyeshika shada la maua siku Plácido Outeiral, babake Benigna, anashushwa kaburini. Benigna alijua hivyo. Alimtazama Fuco kuanzia kwenye koti mpaka kwenye viatu.

"Na Avelino naona naye kapona."

"Kapona," Dosinda alisema.

"Mungu ni mwema."

"Sana."

Kila mmoja alikuwa amemshika mwenzake shingoni, na kila mmoja alijua. Dosinda alitaka kugeuka aseme na foleni nzima: tukiwarudisha wote leo, walio hai wote tunasogea. Lakini nani angeanza? Anayeanza hupoteza, na wa nyuma yake humshukuru kimya kimya. Kila nyumba ilikuwa na Fuco wake.

Dirishani alikaa msichana mwenye nywele fupi, jina lake Uxía, kama kibandiko kifuani kilivyosema. Alipofungua mdomo Dosinda aliijua sauti.

"Wewe ndiye mama uliyenikatia simu."

"Mara tatu."

"Mara mbili. Ya tatu hukupokea."

"Basi ya tatu isihesabiwe."

Uxía alichukua kitambulisho, akamtazama Fuco, akatazama picha, akamtazama Fuco tena.

"Bwana Avelino. Mlioana lini?"

"Sabini na tisa, Septemba," Fuco alisema. "Mvua ilinyesha mpaka keki ikalowa." Ilikuwa kweli, yeye ndiye aliyeibeba hiyo keki.

"Una ndugu?"

"Nilikuwa na mdogo wangu mmoja, Fuco. Alikufa."

"Pole."

"Asante. Alikuwa mtu mzuri sana."

Dosinda alimkanyaga mguu. Uxía akaandika, akageuza fomu.

"Saini hapa. Na hapa jina la mwanachama utakayemchukulia tiketi ya pili."

Fuco alitia sahihi. Kalamu ikateremka mpaka mstari wa pili, ikasimama.

"Hili jina," aliuliza, "naweza kulileta baadaye?"

Dosinda alilisikia lile "baadaye" vizuri. Mke amesimama hapo hapo kando ya mumewe, mkoba mkononi, kadi imetolewa, halafu mume anataka muda wa kufikiria jina! Akamwona yule mkwe ndani ya ndege. Akajiona mwenyewe kwenye baa, akitazama Vienna kwenye televisheni, kwa namba ya Avelino, kwa ada aliyoilipa miaka tisa.

Alivuta fomu.

"Binti, lile tangazo la hiari. Bado linafanya kazi?"

"Mpaka saa nane, mama."

"Niandikie. Kwa jina langu, tarehe, na mhuri. Ugonge, usichape."

Uxía aliandika, akagonga. Dosinda alivaa miwani, akasoma mpaka nukta ya mwisho, akaikunja karatasi na kuiweka kifuani. Kisha akasema kwa sauti aliyokuwa akiitumia kiwandani, mashine zote zikiwa zinanguruma:

"Huyu si Avelino. Huyu ni Fuco. Avelino yuko makaburini San Amedio, safu ya nne, tangu miaka tisa iliyopita. Mfuteni."

"Shemeji!" Fuco alisema.

"Kimya. Wewe umekufa."

Foleni yote ilikuwa imesikia. Mwenye tai alikuwa wa kwanza. Alitoa kadi ya babake mfukoni, akapita mbele ya watu, akaiweka dirishani. Wengine wawili walifuata. Wengine walikumbuka shughuli nyingine mjini. Benigna alikigeuza kiti taratibu, kwa heshima yote inayostahili mgonjwa, na walipofika kwenye ngazi mgonjwa akainuka, akashika upande mmoja wa kiti na kumsaidia kukiteremsha.

Uxía aliwatazama mpaka walipopotea, kisha akamtazama Dosinda, kana kwamba anasubiri jina la mgonjwa huyo. Dosinda hakulitoa.

"Shemeji," Fuco alimwambia njiani, koti amelishika mkononi, "sikukumbuka namba yako ya kadi. Ndiyo maana nilisema baadaye."

"Huenda."

"Huenda nini? Mimi nikutende hivyo?"

"Nimesema huenda."

Dosinda hajajua mpaka leo kama ni kweli, na Fuco hajaacha kuapa.

Saa kumi na moja jioni orodha ilibandikwa. Katika ile elfu tatu ya mwanzo, watu sitini na watano walikuwa wamefutwa: waliorudishwa, na wale walioshindwa kufika kwa sababu isiyozuilika. Dosinda Covelo Rial alikuwa namba 2,941. Alipiga picha ukurasa huo mara nne, mara mbili akiwa ameweka kidole kwenye jina lake, ili wasije wakaubadilisha.

Jumamosi Benigna alikuja na sufuria ya pweza, ya moto, imefunikwa kitambaa. Dosinda alibaki mlangoni.

"Huyu pweza anataka nini?"

"Tiketi ya pili," Benigna alisema. "Namba yangu mwenyewe ni elfu nne na kitu. Kwenye kura sitoki."

Katika wiki nzima, hilo lilikuwa jibu la kwanza ambalo hakuona haja ya kulikagua. Akasogea pembeni, akampisha.

Jumatatu saa tatu asubuhi watakwenda dirishani pamoja kununua tiketi mbili. Vitambulisho vyote viwili, cha kwake na cha Benigna, vitakuwa kwenye mkoba wa Dosinda.