Dola kwa Bei ya Jumla

Mama yangu alipostaafu uuguzi alihamia kwenye kochi, na kwenye kochi lile akaijua Istanbul kuliko anavyoijua Mbagala. Tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili zilikuwa zinaanza jioni nyumbani kwetu Kariakoo, na ole wako umsemeshe wakati huo. Alijua ni kwenye daraja gani watu wanasimama wakilia machozi, na ni kwenye kivuko gani wapenzi wanaachana. Siku moja, yakiwa yamekuja matangazo, akasema kama anaongea na televisheni, "Nikifa sijaliona lile daraja, nitakuwa nimepunjwa."

Mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimepandishwa cheo ofisini kwetu Posta. Nikamwambia, basi twende. Wiki moja, mimi na yeye.

Tiketi nililipa kidogo kidogo. Viza zikatoka. Zikabaki pesa za matumizi, na hapo ndipo utulivu wangu ulipoishia.

Wenzangu waliowahi kwenda walinishauri nibebe dola, nikazibadilishe kule kule mjini, siyo uwanja wa ndege, maana uwanja wa ndege wanakukata bila huruma. Sawa. Lakini hizo dola ninunue lini? Mwezi ule bei ilikuwa haitulii. Mmoja akaniambia, "Subiri, itashuka." Nikasubiri. Nikawa naangalia bei kwenye simu nikiwa kikaoni, nikiwa kwa mama ntilie, mpaka nikiwa napiga mswaki. Ikishuka kidogo najiambia kesho itashuka zaidi. Ikipanda najiambia siwezi kununua juu hivyo. Mama akiniuliza kama nimeshanunua namjibu, "Bado, naisikilizia," kama vile dola ni mvua.

Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa. Niliona picha moja tu kichwani: tuko nchi ya watu, mama anaonyesha kitu kwenye dirisha la duka, na mimi namwambia hela imekwisha.

Ijumaa ikafika, na safari ilikuwa Jumapili. Bei ilikuwa juu kuliko siku niliyoanza kusubiri. Nikaomba ruhusa kazini mapema. Mama alikataa kubaki nyumbani. Alinifuata Posta amevaa baibui na raba mpya alizonunua kwa ajili ya Uturuki, anazizoesha miguu.

Benki walisema dola hakuna, labda wiki ijayo. Tukaingia duka la kubadilisha fedha lililo jirani. Ubao wake ulikuwa na bei nzuri mno.

"Kwa leo tunanunua tu, dada," yule binti wa dirishani aliniambia. "Kuuza hatuna."

"Na hiyo bei ya kuuza hapo ubaoni?"

"Hiyo ni bei tu."

Duka la pili walikuwa nazo kidogo, lakini kwa bei iliyonifanya nicheke bila kufurahi. La tatu walikuwa wanafunga mapema. Nilikuwa natembea mbele, mama nyuma, na kila nikigeuka namkuta anasoma vibao vya watu taratibu kama mtalii. Nikamwambia aharakishe. Akasema raba zinabana.

Tukiwa kwenye kivuli cha ghorofa moja la zamani, jamaa aliyevaa shati lililonyooka akanisogelea. "Dola, dada? Nakupa chini ya hao wote." Akataja bei. Ilikuwa chini kweli. "Twende hapo ndani, juu ya ngazi. Dakika mbili."

Miguu yangu ilishaanza kumfuata. Mama akasimama.

"Siendi huko."

"Mama, ni hapo tu."

"Biashara safi haijifichi kwenye ngazi. Risiti atakupa? Akikupa za bandia utamdai wapi?"

"Mama, hizi hela ni zangu!"

Nilisema kwa sauti. Muuza maji aliyekuwa anapita aligeuka. Mama alishusha mkoba wake, akauweka chini, akatoka kivulini, akasimama juani na kuangalia upande wa pili wa barabara. Nilipiga hatua kuelekea ngazini, halafu nikashindwa. Yule jamaa alikuwa ameshatoweka gizani mwa korido, ananiita, "Njoo, dada, njoo," na sauti ile ikaniudhi ghafla. Nikarudi, nikauokota mkoba wa mama, nikasimamisha bajaji. Tukaenda Kariakoo, kila mtu anaangalia upande wake.

Duka tulilolipata huko lilikuwa limebanwa kati ya maduka mawili ya mapazia, na foleni imetokea mpaka nje. Dola walikuwa nazo. Bei haikuwa nzuri, haikuwa mbaya. Nikaanza kutikisa mguu. Mama, ambaye hawezi kusimama karibu na mtu bila kumsalimia, akaanza maongezi na mwanamke aliyekuwa mbele yetu. Mfanyabiashara wa mashuka, anakwenda China kufuata mzigo.

"Unanunua nyingi?" mama akamuuliza.

"Nyingi kidogo, mama yangu."

"Basi tununue pamoja. Hapa si Kariakoo? Kitu kikiwa kingi kina bei ya jumla."

Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini yule mwanamke alicheka, akasema wazo si baya, na tulipofika dirishani mama ndiye aliyetangulia.

"Shikamoo mama," kijana wa dirishani alisema.

"Marahaba, baba. Sisi tuko pamoja, huyu na huyu. Tupe bei ya jumla."

Kijana alinitazama mimi, kana kwamba nitamwombea radhi. Kisha akageuka nyuma, kwa mzee wa Kiarabu mwenye duka, aliyekuwa anakunywa kahawa. Mzee alimtazama mama, akatabasamu, akaitikia kwa kichwa.

"Kila mtu pasi yake na risiti yake," kijana alisema. "Bei nitawapunguzia."

Alipunguza. Siyo sana, lakini alipunguza. Tulipotoka nilianza kuvuka barabara niende kuangalia ubao wa duka la ng'ambo, na mama akanishika mkono. "Ukishanunua nyanya usiulize tena bei ya nyanya." Tukacheka wote wawili, tukaenda nyumbani kufunga mabegi.

Tulipofika Istanbul nilimwacha mama kwenye kiti nikasubiri mabegi. Niliporudi kiti kilikuwa kitupu. Nikaanza kumtafuta kwa macho. Nikamwona anakuja taratibu kutoka kwenye vibanda vya kubadilisha fedha, ameshika noti za lira kama kadi za harusi. Alikuwa amebadilisha dola mia niliyompa akae nayo mkobani. Uwanja wa ndege!

Nikatoa simu, nikapiga hesabu. Tulichookoa Kariakoo kilikwenda chote, na zaidi.

"Kwa nini, mama?"

"Nimetaka kuingia mji wa watu nikiwa na hela yao mkononi." Akaangalia huku na huku. "Na nina kiu."

Alinunua chai mbili kwenye vile vigilasi vyembamba vya tamthilia, akavibeba mwenyewe mpaka mezani, akaniita nikae. Nikakaa. Chai ilikuwa kali, mama anaisifu, na chini ya meza mguu wangu ulikuwa bado unatikisika.